Mrejesho: difu ya Mustang ya 1967

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama difu (gia za ekseli ya nyuma) ya Ford Mustang yangu ya 1967, injini V8 ya inchi za ujazo 289, ni ya inchi 8 au 9 (kipenyo cha gia kubwa ya ndani), maana aliyeniuzia aliapa ni 9. Jana nimelala uvunguni na soketi. Nati zote za mbele ya difu zimekubali soketi, hata mbili za chini kabisa. Kwenye inchi 9 hizo mbili hutoi bila spana. Basi ni 8, jamaa kanipiga!

Nikaweka gia huru, tairi moja chini, jingine juu ya jeki nikalizungusha mara mbili: propela shafti (inayotoka giaboksi kwenda difu) ikazunguka mara tatu. Tairi moja likisimama, mizunguko miwili ya jingine ni mmoja wa gia kubwa, yaani uwiano wa gia ni 3.00.

Sibadilishi. Injini ni ileile ya kiwandani, inchi 9, iliyo imara zaidi, ya nini? Hela naipeleka kwenye breki.