Ini la ng'ombe limenipa kasi ya sauti 1,617, nimekosea wapi?

Binti_Sakina
Wakuu habari za jioni. Niko hapa Arusha, projekti yangu ya mwaka wa mwisho ni kupima kasi ya altrasaundi ndani ya tishu, nataka nione kama namba peke yake inaweza kutofautisha ini zima na ini lenye mafuta. Nina probu mbili zinatazamana ndani ya beseni la maji, moja inatuma nyingine inapokea. Leo nimenunua ini buchani nikakata kipande cha milimita 30 nikakiweka katikati, sauti ikawahi kufika kwa mikrosekunde 1.14 kuliko ikipita maji matupu, nikapiga hesabu kwa kasi ya maji ya 1,524 ikaja mita 1,617 kwa sekunde, wakati ini la mwili wenye joto linatajwa kati ya 1,570 na 1,590. Nimerudia mara tano ni ileile. Naombeni msaada, Ijumaa napresenti.

Mzee wa Mawimbi
Mdogo wangu maji yako yalikuwa na joto gani? Hiyo 1,524 ni ya maji ya nyuzi 37.

Binti_Sakina
Asee sikupima kabisa! Nimeenda kuchovya kipimajoto sasa hivi, ni nyuzi 17, beseni lililala kwenye sakafu usiku kucha na baridi hii ya Julai.

Mzee wa Mawimbi
Basi umelipata kosa. Maji ya nyuzi 17 yanapitisha sauti kama 1,473 tu, kwa hiyo milimita 30 za maji ni mikrosekunde 20.37, toa ile 1.14 yako inabaki 19.23, inakuja 1,560. Na ini likiwa baridi lenyewe linapunguza kasi kidogo, kwa hiyo namba yako ni nzuri sana.

Dada wa Picha, Moshi
Mimi napiga altrasaundi hospitali, niongezee hapo kwenye mafuta maana ndio roho ya projekti yako. Mashine zetu kawaida zinachukulia kila tishu ni 1,540, ila mafuta kwenye joto la mwili ni kama 1,450, ndio maana kitu kilicho nyuma ya sentimita 5 za mafuta kinasomeka kama kiko 5.3, na ini likijaa mafuta kasi yake inashuka. Sasa sikia mdogo wangu, maji na nyama vikipata joto sauti inaongeza mwendo lakini mafuta yanafanya kinyume, yakipoa ndio sauti inakimbia zaidi, kwa hiyo ukipima kwenye baridi tofauti unayoitafuta inajificha. Pasha maji mpaka 37 uache na kipande kipate joto mpaka ndani.

Kijana wa Kiboriloni
Na uchemshe maji kwanza uyaache yapoe taratibu mpaka hizo 37, vipovu vya hewa vinavuruga mawimbi vibaya sana. Kalipa ya kupimia unene pia usiikaze, ini linabonyea, ukikosea milimita moja tu kwenye 30 jibu linahama.

Binti_Sakina
Mungu awabariki. Nimechemsha, nimepasha, nimeweka ini halafu mafuta ya kitimoto: ini limewahi mbele ya maji, mafuta yamechelewa nyuma, kwenye skrini vilele viwili vimeachana kabisa naviona kwa macho!! Kesho asubuhi nawahi tena buchani nitafute ini lenye mafuta.