Mrejesho: mchango wa kumsafisha mama damu

Wadau, niliuliza sisi watoto wanne tuchangeje matibabu ya figo ya mama bila kugombana. Asanteni sana, ushauri umefanya kazi. Hesabu tumeipanga kwa wiki: vipindi 3 vya kusafisha damu, kila kimoja saa 4 hivi, pamoja na bajaji kwenda na kurudi. Nauli ndiyo husahaulika, na ndiyo inayomaliza akiba. Sindano za kuongeza damu zina fungu lake, maana figo zilizofeli hazitoi homoni ya kutosha ya kuuchochea mwili utengeneze damu. Pesa zinakaa kwenye kikundi cha simu, hazitoki bila wawili kuidhinisha; risiti inapigwa picha siku hiyohiyo. Mdogo wetu asiye na ajira hatoi shilingi: anampeleka mama kliniki, na huo ni mchango kamili. Bima tunaihuisha mwezi mmoja kabla haijaisha.