Naomba ushauri: kompyuta ya sebuleni haiioni printa ya chumbani

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada, maana mke wangu anachapa maswali ya wanafunzi wake wa tuisheni kila jioni na kazi imekwama.

Tuna ruta mbili. Ya sebuleni ndiyo inayoleta intaneti. Ya pili ipo chumba cha nyuma, kuta ni nene na mawimbi hayafiki, kwa hiyo nimeivutia waya ukaingia tundu lake la WAN (la kupokelea intaneti). Printa inatumia Wi-Fi ya chumbani. Kompyuta, Windows 10, inatumia ya sebuleni. Intaneti iko vizuri kote, ila kompyuta haiioni printa. Nikii-ping (kuijaribu kama inajibu kwenye mtandao), kimya. Nikiihamishia kompyuta Wi-Fi ya chumbani, inachapa papo hapo.

Mtandao nimeshauweka kuwa wa binafsi, fayawoli (kinga ya Windows inayozuia mawasiliano) nikaizima kidogo kujaribu, hola. Nilipoangalia anwani za IP (namba za vifaa kwenye mtandao) ndipo nikashtuka: kompyuta ina 192.168.1.14, printa ina 192.168.0.102. Naona hapa ndipo penye tatizo, ruta ya pili imejitengenezea mtandao wake.

Nafikiria kuzima DHCP (huduma ya kugawa anwani) ya ruta ya pili, kuipa anwani 192.168.1.2, kisha kuhamisha waya kutoka WAN kwenda LAN (tundu la vifaa vya ndani). Je, hiyo inatosha? Na printa niitengee anwani ya kudumu kwenye ruta ya sebuleni, au niiandike kwenye printa yenyewe? Aliyewahi kufanya hivi anielekeze tafadhali, naogopa kupoteza intaneti ya chumbani.