Mjadala: Matofali ya Uingereza yenye mihuri, tunamkumbuka nani?

Wadau, naomba tulijadili hili bila jazba.

Jengo kongwe la Uingereza likibomolewa, wapo wanaofika kuokota matofali yenye majina: NORI ya Accrington, GLENBOIG ya Uskoti, LBC na PHORPRES za London Brick Company. Jina lilichongwa kwenye kalibu, tofali likatoka nalo ndani ya kile kishimo cha upande mmoja. Fundi akijenga, chokaa au saruji inajaa kishimoni na jina linafukiwa, hadi siku ukuta utakapovunjwa, pengine baada ya miaka 100. Ndiyo maana wakusanyaji wanayathamini sana, na yapo makumbusho yanayoyahifadhi pamoja na jina la kampuni, mji na mwaka.

Je, maelezo hayo yanatosha? Mimi nasema hayatoshi. Mhuri ni wa mwenye mali. Aliyelifyatua tofali hakuandikwa popote, na sisi tukiishia kwenye mhuri tunaendeleza dhuluma ileile. Napendekeza makumbusho yoyote yanayoonyesha matofali hayo yalazimike kueleza pia yalifyatuliwa na nani, kwa kazi ya namna gani.

Mfano upo. George Smith alizaliwa Staffordshire, baba yake akiwa mfyatua matofali, na yeye mwenyewe alikuwa akibeba udongo akiwa na miaka 9. Alipokuja kuwa meneja wa kiwanda cha matofali huko Coalville, alimpima mtoto mmoja wa miaka 8 na ushee. Uzito wa mtoto: karibu kilo 24. Uzito wa udongo mbichi aliokuwa akibebeshwa kichwani: karibu kilo 20. Kwa siku alitembea nao wastani wa kilomita 24, na kwa wiki alifanya kazi saa 73. Smith hakunyamaza. Mwaka 1871 Bunge likapitisha sheria ya kuwatoa viwandani humo wasichana wa chini ya miaka 16 na wavulana wa chini ya miaka 10. Yeye akaishia kupoteza kazi yake. Sasa nionyesheni mhuri unaomtaja mtoto yule.

Karibuni tuchangie.

Fundi Mstaafu:
Mkuu, hoja yako ina uchungu wa haki, lakini usiushushe mhuri hivyo. Kwa mtu wa majengo, mhuri ni ushahidi. Unakwambia udongo ulichimbwa wapi na ukuta ni wa kipindi gani. Tukumbuke pia kwamba kuanzia 1784 hadi 1850 serikali ya Uingereza ilitoza kodi kwa kila tofali elfu moja, baadhi ya wafyatuaji wakaanza kutoa matofali makubwa kupita kiasi ili wapunguze hesabu, hadi 1803 serikali ikayapandishia kodi hayo makubwa. Historia kama hiyo tunaisoma kwenye tofali lenyewe. Halafu si kila tajiri alikuwa mnyonyaji. Pale Stewartby, Bedfordshire, wafanyakazi wa kiwanda cha London Brick Company walianza kujengewa kijiji kizima mwaka 1926, nyumba nzuri tu. Ukianza kudai kila tofali liambatane na kesi ya mwenye kiwanda, makumbusho madogo yataona bora yasiyaonyeshe kabisa.

Mwanzisha mada:
Fundi, shikamoo, na asante kwa hoja nzito. Kuhusu ushahidi nakubaliana nawe moja kwa moja. Sijasema mhuri ufutwe. Nasema usiachwe peke yake.

Lakini Stewartby umeitaja wewe, basi tuitazame vizuri. Kijiji kile kilipewa jina la familia ya Stewart, wenye kampuni. Kwa hiyo jina la tajiri liko mpaka kwenye ramani. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kiwanda kikakosa watu wa kufanya kazi ile nzito ya tanuruni, na kuanzia 1951 maelfu ya wanaume wakaletwa kutoka kusini mwa Italia kwa mikataba ya miaka minne. Wengi walilazwa kwenye kambi zilizokuwa za wafungwa wa vita. Hizo nyumba nzuri hazikuwa zao. Kila tofali walilolitoa tanuruni lilikuwa na jina la kampuni, na Waingereza kwa mamilioni wamelala ndani ya kuta hizo.

Kiwanda kilifungwa 2008, na mabomba yake marefu ya moshi yaliyobaki yakaangushwa 2021. Wazee wa Kiitaliano bado wapo mji wa jirani wa Bedford na wanakumbuka vumbi na joto la tanuru, lakini umri unawatupa mkono. Hapo hoja yako ya makumbusho madogo kushindwa siielewi, Fundi. Kumrekodi mzee mmoja akisimulia kunahitaji simu na saa moja ya kukaa naye. Makumbusho gani, hata yawe madogo vipi, yatashindwa hilo?