Nipokee marekebisho ya `match` na kuacha Python 3.8?

karani_huria (Kigoma)
Wakuu, habari za jioni. Natunza programu huria ndogo ya mizani ya dagaa: gunia, uzito, bei, mnunuzi, mwisho inatoa hesabu ya siku. Wanaoitumia hapa mwalo wa Kibirizi wana kompyuta za Windows 7, na humo Python (lugha niliyoandikia programu) inaishia toleo la 3.8, kuanzia 3.9 inataka Windows 8.1 kwenda juu. Sasa kijana mmoja ameleta marekebisho mazuri, ila anatumia `match`, amri ya kuchagua kati ya hali kadhaa, iliyoingia Python 3.10. Nikipokea, karani wa mwaloni anaachwa. Nikikataa, namvunja moyo anayenisaidia bure. Mngefanyaje? Mimi siwezi kumwacha karani, malipo ya mvuvi yanapitia kwake.

nyuki_tbr (Tabora)
Pokea mkuu. Ila kabla hujatoa toleo, andika `requires-python = ">=3.10"` kwenye pyproject.toml, faili la maelezo ya programu yako. Pip ya karani (kisakinishi cha Python) itausoma mstari huo na kumshushia toleo la zamani linalomfaa. Ukiusahau, atashushiwa jipya na halitafunguka. Lile la zamani litengee tawi lake, yaani nakala ya msimbo inayotunzwa kando, uingize marekebisho ya makosa ya hesabu tu, vipya hapana.

karani_huria
Shukrani. Lakini mwaloni hakuna bando, napeleka mafaili kwa flashi kutoka laptopu yangu yenye 3.12.

nyuki_tbr
Basi angalia sana hapo, maana `pip download` hufuata Python ya mashine yako, si ya karani. Ongeza `--python-version 3.8 --only-binary=:all:`, na kama yake ni Windows ya biti 32, `--platform win32`. Kule sakinisha kwa `--no-index --find-links` ukielekeza kwenye flashi.

mzee_wa_seva
Wanangu, tawi sawa, lakini lisidumu. Python 3.8 ilitoka Oktoba 2019, na tangu Oktoba 2024 haipati hata viraka vya usalama. Windows 7 yenyewe Microsoft iliacha kuihudumia kwa wote Januari 2020. Wekeni Debian 12, mfumo huria wa Linux, badala ya Windows: inakuja na Python 3.11 na bado inakubali mashine nyingi za biti 32.

karani_huria
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Mbalamwezi ikifika boti hazitoki sana, nitakaa na karani tuijaribu Debian kwenye mashine moja, nione kama printa ya risiti inakubali. Tawi la 3.8 nimeshalifungua, na kijana nimemwambia kazi yake inaingia.