Wachubuaji wa nyuso, mnaunguza watu halafu lawama mnawatupia wao!

Wakuu, hili siwezi kulinyamazia. Mdogo wangu alienda kuondolewa makovu ya chunusi, akapakwa asidi usoni siku hiyo hiyo bila kuulizwa chochote. Uso ukawaka moto, akaambiwa avumilie, eti ndiyo dawa inafanya kazi. Ngozi ilipobanduka, mashavu yakabaki na mabaka meusi kuliko hayo makovu. Moja limeshuka kutoka sikioni hadi kwenye taya, na ukingo wake umenyooka pale brashi ilipoishia. Aliporudi kulalamika wakamwambia amejiponza mwenyewe kwa kukaa juani. Na hapo hapo wakamtajia bei ya awamu ya pili!

Kinachonikera zaidi ni kwamba hatari hii si siri. Ngozi nyeusi ikiungua au kuvimba huzalisha melanini, ile rangi ya ngozi, kupita kiasi, na madoa hayo huweza kukaa miezi mingi, hata miaka. Kipimo cha Fitzpatrick kinagawa ngozi katika aina 6, kutoka nyeupe kabisa hadi nyeusi kabisa, na kuanzia ya 4 kwenda juu ndiko uangalifu unakotakiwa zaidi, iwe kwa asidi au kwa mwanga wa leza. Mtu wa kazi hii asiyelijua hilo anashikaje uso wa mtu?

Maswali yenyewe ni ya dakika chache. Huwa unatokwa na vidonda vya herpesi mdomoni? Maana asidi na leza huweza kuviamsha vikasambaa kwenye uso uliochubuka. Una makovu yanayovimba? Umetumia vidonge vya chunusi vya isotretinoini karibuni? Kisha unajaribu sehemu ndogo iliyojificha, unasubiri. Basi!

Na asidi hazilingani. Ya glikoliki ikiwa hafifu huishia juu juu, lakini ya trikloroasetiki ikiwa kali inazama ndani. Fenoli ndiyo kabisa: huingia kwenye damu na kuvuruga mapigo ya moyo, ndiyo maana mgonjwa hufungwa mashine ya kufuatilia moyo. Mwaka 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasinunue asidi kali za kuchubua na kujipaka bila usimamizi wa mtaalamu. Bado zinauzwa mtandaoni kama losheni!

Sasa mdogo wangu yuko kwa daktari wa ngozi, naye anataka kujua alipakwa asidi gani, ya asilimia ngapi. Tumewauliza kwa simu, tumewafuata hadi mlangoni. Hawataki kusema. Chupa ni yenu, uso ni wake, semeni mlimpaka nini!