Mama anameza iodini ya mionzi, mjukuu akae naye?

Mdau1: Wakuu habari. Mama tezi yake ya shingo inafanya kazi kupita kiasi, vidonge vimegoma, sasa daktari kasema atameza iodini ya mionzi mara moja tu. Nyumbani kuna mtoto wa dada, mwaka na nusu, habanduki kwa bibi. Si atadhurika? Na mbona shoga yake mama alipiga CT (ile mashine ya picha za ndani ya mwili) akarudi kumbeba mjukuu siku hiyohiyo?

FundiMionzi: Ni vitu viwili tofauti mkuu. CT ni eksirei, mashine ikizimwa mionzi imeisha, mwilini habaki nayo. Iodini 131 inamezwa, inakimbilia kwenye tezi na kuichoma kwa ndani, kwa hiyo kwa muda mama mwenyewe ndo anakuwa chanzo cha mionzi. Nguvu yake inapungua nusu kila siku 8 na nyingi inatoka kwa mkojo, siku za mwanzo ndo za kuchunga. Alale peke yake, anywe maji, choo aflashi mara mbili, kikombe asichangie. Mtoto asimpakate mpaka idara ya mionzi hospitalini iseme, siku zinategemea dozi so usifuate za jirani.

Neema_K: Na mjamzito haruhusiwi kabisa hiyo dawa, anayenyonyesha anaachisha kwanza. Akisafiri kwa ndege awe na barua, vipima mionzi vya uwanjani vinaweza kulia hata wiki kadhaa baadaye.

Mbishi: Mnamtuliza tu. Taka za nyuklia si zinakaa maelfu ya miaka?

FundiMionzi: Hizo za mafuta ya vinu vya nyuklia. Za kwetu hospitalini nyingi zinakufa haraka, teknesiamu 99m, ile ya kupigia picha, inapungua nusu kila saa 6, taka zake tunazifungia stoo zikipoa zinatupwa kama kawaida. Mimi naogopa mashine za zamani za kutibu saratani. Goiânia, Brazili, 1987, kliniki ilihama ikaacha mashine yenye sesiamu 137, madini ya mionzi, waokota vyuma wakaibomoa, ule unga unang'aa buluu watu wakagawana, 4 wakafa na zaidi ya laki moja wakapimwa. Hospitali ikinunua chanzo cha mionzi cha hivyo iandikiane na muuzaji kabisa kwamba atakirudisha kikichoka. Mashine mpya zinatengeneza mionzi kwa umeme hazina hilo balaa, ila umeme ukiyumba na fundi hayupo zinakuwa pambo.

Mdau1: Asanteni, dogo atahamia kwa baba yake. Nguo za mama tuchanganye?

Neema_K: Fueni peke yake siku za mwanzo, kutupa si lazima.